Simu Itoke Mfukoni, Ipande Juu ya Meza

Kwenye kibanda kimoja cha kahawa Area D, hapa Dodoma, kuna karatasi imebandikwa ukutani, maandishi yake ya wino mwekundu: SIMU MARUFUKU MEZANI. Ilibandikwa mwezi uliopita, baada ya kikundi chetu kidogo cha wachezaji wa bakgamoni kuvurugana katika fainali ya shindano la siku moja. Tangu hapo naisikia ikisifiwa kama dawa iliyopatikana, na vijiwe viwili vya drafti, kimoja Majengo na kingine Chang'ombe, vimeshaiga. Maelezo ni yale yale kila unapopita: kompyuta imeingia mchezoni, mchezo unakufa, basi ifukuzwe.

Nadhani tumeusoma vibaya ugonjwa. Programu zinazocheza kuliko binadamu hazitaondoka tena, na katika mchezo wa dadu kama bakgamoni kumzuia mtu asizitumie wakati wa mechi ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuwa na kumbukumbu ya mechi yenyewe, dadu kwa dadu na kete kwa kete, ili kompyuta iweze kuitwa baadaye kutoa ushahidi. Simu inayotutia hofu ikiwa mfukoni mwa mchezaji ndiyo tunayopaswa kuifunga juu ya meza, kamera ikitazama chini. Sisi tumeipiga marufuku mfukoni na juu ya meza kwa pamoja, na kwa kufanya hivyo tumemfukuza shahidi pamoja na mwizi.

Kwa asiyeujua mchezo: wachezaji ni wawili, kila mmoja ana kete 15, ubao una vituo 24 vinavyoitwa pointi, na mwendo unaamuliwa na dadu mbili. Unazungusha kete zako hadi ziingie nyumbani, yaani kwenye pointi sita za mwisho, kisha unazitoa. Anayemaliza kuzitoa kwanza ameshinda. Kete iliyoachwa peke yake kwenye pointi inaweza kupigwa na ikaanza safari upya. Mchezo huu haukuwa na wenyewe hapa katikati ya nchi. Baadhi yetu tuliujulia kwenye simu, wengine tulifundishwa na mafundi wa Kituruki walipokuwa wanajenga reli ya SGR kipande cha Morogoro hadi Makutupora. Kwao unaitwa tavla, na dadu wanazitaja kwa namba za Kiajemi zilizochanganyika na za Kituruki, kwa hiyo hadi leo kijiweni kwetu utamsikia mtu wa Kondoa akishangilia "shesh besh" anapopata sita na tano. (Neno letu "dadu" lenyewe tulipewa na Wareno, kwa hiyo hatuna sababu ya kumcheka mtu.)

Kilichotokea kwenye fainali ni kidogo kuliko kelele zake. Kijana mmoja wa chuo alikuwa anacheza na mtumishi wa serikali aliyehamia hapa na wizara yake. Mara mbili kijana aliinamia simu chini ya meza. Baada ya ile ya pili alicheza mwendo ambao hakuna aliyeutegemea, dadu zikamkubali, akaongoza. "Dogo, lete simu hiyo tuione," akasema mwenzake. "Mzee wangu, ni meseji ya LUKU tu, nyumbani umeme umekatika." Simu ikaletwa. Tokeni za umeme zilikuwepo kweli. Programu ya bakgamoni nayo ilikuwepo, kama ilivyo kwenye simu ya karibu kila mmoja aliyekuwa pale, mimi nikiwemo. Tulipojaribu kuipanga upya ile nafasi ubaoni ili tuone kama mwendo ule ulikuwa wa kompyuta, watazamaji watatu walitoa mipangilio mitatu tofauti. Mechi ikafutwa, fedha zikarudishwa, na kijana hajaonekana tena kibandani. Hadi leo sijui kama aliiba. Hakuna anayejua, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko uwezekano wa kwamba aliiba.

Uhusiano wa kompyuta na bakgamoni ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1979, huko Monte Carlo, programu iitwayo BKG 9.8, iliyoandikwa na Hans Berliner, ilimfunga Luigi Villa wa Italia pointi 7 kwa 1. Villa alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa dunia. Miaka 18 kabla ya kompyuta Deep Blue kumfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov kwenye sataranji, kompyuta ilikuwa imeshamlaza bingwa wa dunia kwenye bakgamoni. Lakini Berliner alipoupitia mchezo baadaye, mwendo kwa mwendo, alikiri kwamba Villa ndiye aliyecheza vizuri zaidi na kwamba dadu ndizo zilizoibeba mashine. Naomba msomaji aishike habari hii, maana nitairudia.

Mapinduzi yenyewe yalikuja mwaka 1992, pale Gerald Tesauro wa IBM alipotengeneza TD-Gammon. Hakuijaza mbinu za mabingwa. Aliiacha icheze na nafsi yake, ikikosea na kujirekebisha, michezo laki kadhaa mwanzoni na milioni moja na nusu katika toleo la baadaye. Toleo hilo lilicheza michezo 40 na Bill Robertie, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mara mbili, na kwa jumla likapitwa pointi 1 tu. Kutoka hapo zikaja Snowie, kisha GNU Backgammon inayopatikana bure, kisha eXtreme Gammon ambayo wachezaji wanaifupisha XG. Leo programu ya kiwango hicho inakaa kwenye simu ya kawaida, na haihitaji hata bando ikishapakuliwa.

Katika mashindano ya nje, msimamo kuhusu matumizi ya mashine wakati wa mechi haujawa na utata mkubwa. Kanuni za mashindano za Marekani zinasema mechi ikishaanza mchezaji haruhusiwi msaada wa maandishi, wa kimitambo wala wa kielektroniki, isipokuwa wa kutunza alama. Hapo karatasi yetu ya wino mwekundu haijakosea. Ila huko kompyuta haikuishia kufukuzwa mlangoni. Mechi zinarekodiwa kwa video, zinaandikwa upya mwendo kwa mwendo, kisha zinaingizwa kwenye XG, nayo inahesabu kila uamuzi ulipoteza kiasi gani ukilinganishwa na uamuzi bora. Wastani wa makosa hayo ndio unaoitwa PR, na ukiwa mdogo ndivyo ulivyocheza vizuri. Wachezaji wakubwa huwa chini ya 5, anayeanza huvuka 20 bila shida. Kuna taasisi, BMAB, inayotoa vyeo vya umahiri kwa kutazama PR badala ya idadi ya vikombe. Mashine iliyofungiwa nje wakati wa mechi inakaribishwa kwa heshima zote mechi inapokwisha.

Sasa tuzipime hoja za kijiweni. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: huu ni mchezo wa bahati, mtu anarusha dadu, kompyuta itamsaidia nini? Anayesema hivi hajawahi kupewa dadu ya kuzidishia. Katika bakgamoni ya mashindano kuna dadu ya tatu isiyorushwa, yenye namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Mchezaji anayejiona yuko mbele anaweza kumsogezea mwenzake na kusema thamani ya mchezo iongezwe mara mbili. Mwenzake akikataa, anapoteza pointi 1 papo hapo. Akikubali, mchezo unaendelea kwa pointi 2. Je, akubali lini? Wengi wetu tulikuwa tunakubali tukijiona tuna angalau nusu ya nafasi ya kushinda. Piga hesabu. Chukua michezo minne ya aina hiyo. Ukikataa yote umepoteza pointi 4. Ukikubali yote, ukashinda mmoja na kufungwa mitatu, umepata 2 na kupoteza 6, hasara ni 4 ile ile. Kwa hiyo ukiwa na robo tu ya nafasi ya kushinda, kukubali na kukataa ni sawa. Ukizidi robo, kukataa ni kutupa mali, na hapo sijahesabu faida ya kubaki na dadu hiyo upande wako. Mchezaji anayejua robo na asiyejua wanarusha dadu zile zile, lakini mwisho wa mwezi mmoja ananunua kahawa na mwingine analipa. Bahati ipo, ila inaamua mchezo mmoja. Anayekosea kila siku haiwezi kumficha mwaka mzima.

Na hapa ndipo habari ya Villa inarudi. Kwa sababu bahati inaamua mchezo mmoja, matokeo ya mchezo mmoja hayasemi lolote kuhusu aliyeiba na asiyeiba. Kwenye sataranji, mchezaji wa mtaani akimfunga bingwa wa taifa, watu husimama: kuna kitu. Kwenye bakgamoni huo ni Jumanne ya kawaida. Mwizi anayesoma mienendo kwenye simu anaweza kufungwa jioni nzima, na mnyonge asiye na simu kabisa anaweza kubeba kombe. Kwa hiyo jicho letu la kijiweni, lililozoea kusema "huyu leo kashinda sana, ana lake jambo", halina kazi hapa. Kitu pekee kinachoweza kuzungumza ni mienendo yenyewe. Je, ilifanana na ya mashine kupita kiasi, hasa kwenye nafasi ngumu ambazo hata mabingwa hukosea? Ilianza kufanana baada ya mtu kuinama chini ya meza? Maswali hayo yanajibika, kwa masharti ya kuwa na kumbukumbu. Bila kumbukumbu, mchezo wa dadu ndio mahali pazuri kuliko pote pa kudesa, na ndio mahali pabaya kuliko pote pa kusingiziwa.

Upande wa pili wapo wanaosema mashine ziachiwe. Kila mtu ana simu, wanadai, na mwanafunzi anaruhusiwa kikokotoo (cha hesabu, si kile cha mafao kinachowakosesha usingizi watumishi wa mji huu). Hoja hii ina uzuri wake kwenye meza ya kujifunzia, ambako watu wawili wanaweza kucheza na programu imewashwa katikati, wakibishana nayo. Kwenye shindano inajimaliza yenyewe. Wachezaji wawili wakifuata programu moja, tofauti ya ujuzi kati yao ni sifuri, na kinachobaki ni dadu tupu. Tutakuwa tumechukua mchezo wenye akili na bahati tukaukata akili, tukabaki na kamari. Nadhani wanaoitetea wanawaza sataranji au drafti, michezo isiyo na dadu, ambako mashine mbili zikicheza angalau kuna kitu cha kutazama.

Hoja iliyonishughulisha zaidi ni ya wazee wa drafti: kwamba kompyuta inaua ubunifu, watu wote wanacheza mtindo mmoja. Siipuuzi. Lakini historia ya bakgamoni imekwenda kinyume chake. Kabla ya TD-Gammon, mchezaji aliyeanza kwa 2 na 1 alijua la kufanya bila kufikiri: kete moja anaishusha hatua mbili kutoka katikati, nyingine anaisogeza hatua moja kutoka pointi ya sita na kuiacha peke yake kwenye ya tano, kama chambo. Lengo lilikuwa kuijenga pointi ya tano mapema, na hatari ya kupigwa ilihesabiwa kuwa bei ya kawaida. Dadu zinazoipiga kete hiyo ni 15 kati ya 36. Vitabu vilifundisha hivyo, mabingwa wakafanya hivyo. Mashine, isiyokuwa na kitabu wala mwalimu, ikachagua kuiacha pointi ya tano na badala yake kuisogeza hatua moja kete ya nyuma iliyoko kwenye nyumba ya mpinzani. Ikafanya hivyo pia kwa 4 na 1 na kwa 5 na 1. Mabingwa walipouchunguza mwendo huo wakaona una maana, na ufunguzi ukabadilika dunia nzima. Mazoea yaliyokuwa yanaitwa hekima yalikuwa uvivu uliorithiwa, na aliyeyavunja ni mgeni asiyejua adabu za nyumba.

Wazee hao wana kisa chao wanachopenda kukitaja nusu nusu, kwamba "drafti ilishakwisha, kompyuta ya Wazungu ilimaliza". Kisa chenyewe ni cha Chinook, programu ya Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Mwaka 1992, jijini London, ilicheza na Marion Tinsley, Mmarekani ambaye kwa zaidi ya miaka 40 alifungwa michezo ya kuhesabika kwa vidole. Tinsley alishinda minne, Chinook miwili, sare 33. Mwaka 2007 Schaeffer na wenzake wakatangaza kwamba wamelimaliza swali: pande zote mbili zisipokosea, matokeo ni sare. Ila drafti hiyo ni ile ambayo kingi anatembea hatua moja moja kama mzee mwenye fimbo. Kingi wetu anakata ubao mzima kwa mruko mmoja, kwa hiyo hesabu ile si ya kwetu. Na hata huko kwao watu hawajaacha kucheza. Kujua kwamba njia isiyo na kosa ipo hakumsaidii aliyekaa mbele ya ubao saa kumi jioni, akiwa na njaa, na wapambe wanampigia kelele masikioni.

Kwa hiyo simu isiwe mkononi mwa mchezaji, hapo nakubaliana na karatasi. Ninachokataa ni imani kwamba kazi imekwisha. Mwaka 2019, kule Strasbourg, Ufaransa, mchezaji wa sataranji mwenye cheo cha juu kabisa, Igors Rausis, alikamatwa akitumia simu chooni katikati ya mashindano. Marufuku ilikuwepo, na yeye aliijua kuliko mimi na wewe. Kibanda chetu choo chake kiko nyuma, kinatumiwa na wateja wa mama ntilie wa jirani. Nani atasimama mlangoni? Na mtazamaji aliyesimama nyuma ya mchezaji, akikohoa mara moja kwa "kubali" na mara mbili kwa "kataa", tutamsachi kwa kosa gani? Dadu ya kuzidishia inahitaji jibu moja tu la ndiyo au hapana, na jibu la namna hiyo linapita hata kwenye ukope.

Kisa kingine cha sataranji kinaonyesha faida ya kumbukumbu kwa upande wa mtuhumiwa, upande ambao karatasi yetu haiufikirii kabisa. Mwaka 2022 bingwa wa dunia Magnus Carlsen alijitoa kwenye mashindano ya Sinquefield Cup baada ya kufungwa na kijana Hans Niemann, na baadaye akaeleza waziwazi kwamba anamshuku. Kijana alikuwa ameshakiri kudesa mtandaoni alipokuwa mdogo zaidi, kwa hiyo dunia ilikuwa tayari kuamini lolote. Lakini sataranji ya mashindano huandikwa, kila mwendo, kwa mkono wa mchezaji mwenyewe. Michezo yake ikachukuliwa, ikapimwa. Desemba 2023 kamati ya maadili ya FIDE, shirikisho la dunia, ilimtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali, na ushahidi kwamba Niemann aliiba kwenye mchezo ule wa ana kwa ana haukupatikana. Unaweza kumpenda au kutompenda kijana yule. Alipata kitu ambacho yule wa kwetu wa LUKU hakukipata: jambo la kuangalia.

Shahidi huyu naye ana kasoro zake, na anayemleta barazani lazima azitaje. PR ya mechi moja fupi ni kipimo kinachoyumba. Mtu anaweza kupata michezo myepesi, ambayo kila mwendo ni wa wazi, akatoka na namba ya bingwa bila kudesa; na bingwa akakutana na nafasi za vurugu akatoka na namba ya mwanagenzi. Hata XG ina maeneo inayoyumba, hasa nafasi ndefu za kushikilia kete nyuma na kusubiri. Zaidi ya hapo, kinachoitwa kosa kwenye mashine kinaweza kuwa busara kwa binadamu: nikijua mpinzani wangu anaogopa dadu ya kuzidishia, nitamsogezea mapema kuliko mashine inavyotaka, atakataa, na mimi nitakuwa nimefaidika na woga wake. Mashine inadhani inacheza na mashine. Kwa hiyo isiwe hakimu. Iletwe kama daktari anavyoletwa mahakamani: aseme alichokiona, kisha watu wazima waamue, na mechi moja peke yake isitoshe kumfungia mtu.

Kuna pingamizi la gharama pia, nalo nitalipita haraka kwa sababu ni jepesi likitazamwa karibu. Kuandika mwendo kwa mkono katikati ya bakgamoni kunachosha na kunakula muda, hasa kwa wanaotumia saa. Video haimchoshi mtu. Kuihamisha mechi kutoka kwenye video kwenda kwenye programu ni kazi ya jioni moja kwa kijana mwenye subira, na si lazima ifanyike kwa kila mechi. Inatosha ijulikane kwamba inaweza kufanyika. Programu ya bure ipo. Pingamizi zito zaidi ni la usawa: mwenye kompyuta mpakato na muda wa kuitazama atajifunza haraka kuliko dereva wa bodaboda anayepitia kibandani kati ya abiria wawili. Ni kweli, na ilikuwa kweli kabla ya kompyuta, mwenye vitabu na safari alipomzidi asiyekuwa navyo. Lakini mechi zilizorekodiwa ndizo hasa zinazompunguzia dereva pengo. Akitumiwa kwenye WhatsApp mechi ya mtu anayemfunga kila siku, ikiwa na makosa yake yamewekewa alama, amepata mwalimu.

Hapo ndipo jambo hili linapotoka kwenye bakgamoni, mchezo ambao Dodoma nzima huenda tunaucheza wachache, na kuingia kwenye michezo yetu wenyewe. Kila mwaka SHIMIWI inawakutanisha watumishi wa wizara na idara, na humo, pamoja na kuvuta kamba na riadha, kuna drafti, bao, karata na vishale. Serikali ilipohamia hapa, vijiwe vya Mtumba na Kikuyu vilipata wachezaji wa bao ambao ukiwatazama unasahau chai. Washindi hutajwa, vikombe hupigwa picha, ofisi zinafanyiwa sherehe. Mchezo wenyewe huenda wapi? Hauandikwi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, na kabla hajafika kwenye mtaji, hatua inayoanza kete za mkononi zikiisha, ameshafanya maamuzi ambayo asiyeujua mchezo haoni hata kama yalikuwa maamuzi. Fundi wa bao anaweza kuona mizunguko mitano mbele, nyumba ikilala au ikisafiri, kichwa kipi kitakula na kimbi ipi itabaki tupu (yote hayo ni majina ya mashimo ya ubao). Mholanzi Alexander de Voogt alipotaka kuusoma umahiri huo miaka ya 1990 ilibidi aende akakae na mafundi wenyewe Zanzibar, kwa sababu hakukuwa na mechi zilizoandikwa za kuzisoma akiwa mbali. Mafundi wale wakiondoka, wanaondoka na maktaba.

Sasa tazama tunachofanya. Tuna mchezo ambao kompyuta haijautafuna kama ilivyoitafuna sataranji, na simu zenye kamera nzuri kuliko zile zilizorusha mechi za mpira utotoni mwetu, na uamuzi wetu wa kwanza ni kubandika karatasi inayozikataza zisikaribie ubao. Kijiwe cha Majengo kilichoiga karatasi yetu hakijawahi kukumbana na mwizi wa simu hata mmoja, nimeuliza. Waliiga kwa sababu walisikia Area D kuna marufuku, wakaona ni maendeleo. Mtu akija kesho kutaka kumrekodi mzee wao mmoja, ambaye kwenye drafti anatoa kete tatu bure ili ale tano, ataonyeshwa ukuta.

Pendekezo langu kwa kikundi chetu lilikuwa jepesi. Simu za wachezaji ziwekwe kwenye bakuli la muuza kahawa mechi inapoanza. Simu moja iwekwe juu ya meza kwenye stendi, irekodi ubao na dadu, sura za watu zisionekane kwa wanaoona haya. Video ikae siku 14. Asipotokea mwenye malalamiko, ifutwe au igawiwe kwa wanaotaka kujifunza, wachezaji wote wawili wakikubali. Akitokea, mechi iingizwe kwenye programu na watu watatu ambao hawakucheza waitazame. Wenzangu walibishana zaidi kuhusu bakuli kuliko kuhusu stendi, jambo ambalo sikulitarajia. Fundi wa kuchomelea kule Kizota ameshatukunjia nondo mbili kwa umbo la mti wa msalaba, na kwa elfu kumi na tano tuna stendi ambayo hata upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane hautaiangusha.

Nilimpigia kijana wa LUKU kumweleza, nikamwomba arudi Jumamosi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Sawa mzee, na hiyo simu ya juu itakuwa ya nani?" Sikuwa nimelifikiria. Tumekubaliana itakuwa ya muuza kahawa, ambaye hachezi na hajui hata pointi ya tano iko wapi. Kioo chake kimepasuka pembeni, ila kamera iko salama.